Shaba Nyeupe: Jina Moja, Metali Nyingi

Shume ni nchi ya baridi na ukungu, iliyo juu ya Milima ya Usambara, wilayani Lushoto. Upande mmoja pana msitu wa hifadhi wa Shume-Magamba, ambao mitarakwa yake iliwavutia wapasuaji mbao tangu enzi za Wajerumani. Upande mwingine pana mashamba ya kabichi, karoti na viazi mviringo, ambayo mazao yake hushuka kila siku kwa malori kuelekea Mombo na kwingineko. Watu wake ni wakulima. Mgeni akiuliza kiwanda cha metali kiko wapi, ataambiwa hakipo.

Hata hivyo, ipo metali moja ya kiwandani ambayo imeingia karibu katika kila nyumba ya Shume. Imo katika nozeli ya bomba ambalo mkulima hulibeba mgongoni anaponyunyizia viazi dawa ya ukungu. Imo katika koki ya maji, katika kufuli la ghala na ufunguo wake, katika meno ya plagi ya umeme, katika vali ya gurudumu la baiskeli na la pikipiki, na katika tarumbeta zinazopigwa makanisani siku za sikukuu. Metali hiyo ni shaba nyeupe.

Kwa kuwa tunaiona kila siku, twadhani twaijua. Lakini muulize mwanafunzi wa kidato cha tatu tofauti iliyopo kati ya shaba ya waya wa umeme na shaba ya kufuli, nawe utaona kwamba wengi hujibu kuwa ni kitu kimoja. Jibu hilo lina gharama. Mkulima anayenunua nozeli iliyokwisha kulika, au mwenye nyumba anayenunua koki iliyopakwa rangi ya shaba tu, hulipa kwa fedha ya mavuno yake. Katika makala hii tutaeleza shaba nyeupe ina nini ndani yake, kwa nini hufaa kwa kazi nyingi hivyo, nini huiharibu, na namna gani shule ya sekondari yenye vifaa vichache inavyoweza kuipima.

Jina lake

Lugha yetu hutumia neno shaba kwa upana mkubwa. Shaba ni elementi yenye alama Cu, ile metali nyekundu ya waya za umeme. Shaba pia ni aloi yake na zinki, yenye rangi ya manjano. Tena shaba ni aloi yake na stani, ambayo mafundi wengine huiita bronzi. Siwa maarufu ya Lamu, iliyomo katika jumba la makumbusho la mji huo, huitwa siwa ya shaba; upatu wa ngoma huitwa wa shaba; na vichwa vya misumari inayopamba milango ya Unguja navyo ni vya shaba. Hata mkoa wa Katanga katika nchi ya Zaire ulipewa jina la Shaba mwaka 1971, ukaitwa hivyo hadi 1997, kwa sababu ya madini yake.

Wazee wa pwani walipotaka kupambanua walisema shaba nyekundu na shaba nyeupe. Msomaji asishangae kwamba metali ya manjano huitwa nyeupe: ikiwekwa kando ya shaba tupu, kwa hakika huonekana imepauka. Basi katika makala hii, shaba nyekundu ni elementi yenyewe, na shaba nyeupe ni aloi ya shaba na zinki. Neno aloi maana yake ni metali iliyopatikana kwa kuyeyusha pamoja metali mbili au zaidi, au metali na elementi nyingine, hata zikawa kitu kimoja.

Muundo wake

Shaba nyekundu ina densiti ya gramu 8.96 kwa kila sentimeta moja ya ujazo, nayo huyeyuka kwa nyuzi 1,085 za Sentigredi. Zinki ina densiti ya gramu 7.14, huyeyuka kwa nyuzi 420 na kuchemka kwa nyuzi 907. Sasa tuchukue shaba gramu 70 na zinki gramu 30, tukazichanganye. Kama aloi ingekuwa mchanganyiko tu, mfano wa mahindi na maharage ndani ya gunia, tungetazamia densiti yake iwe yapata gramu 8.3. Mwanafunzi anaweza kukokotoa mwenyewe: agawe 70 kwa 8.96, agawe 30 kwa 7.14, ajumlishe ujazo huo, kisha agawe 100 kwa jumla hiyo. Lakini aloi yenyewe ikipimwa huwa na densiti ya gramu 8.5 hivi. Imejibana kuliko ilivyotazamiwa.

Sababu ni kwamba atomu za zinki hazikubaki katika mpangilio wao wa awali, ambao una nafasi kubwa kati ya tabaka na tabaka. Zimeacha mpangilio huo na kuingia katika fuwele za shaba, kila moja ikishika mahali ambapo atomu ya shaba ingekaa. Hali hii huitwa mmumunyo mango, yaani mmumunyo kama ule wa chumvi ndani ya maji, ila wote ni mgumu. Atomu ya zinki ni kubwa kidogo kuliko ya shaba, kwa hiyo safu za atomu hupindapinda mahali inapokaa. Nyundo inapopiga metali, safu hizo haziwezi kuteleza kwa urahisi kama zinavyoteleza katika shaba tupu. Ndiyo maana aloi ni ngumu kuliko shaba na pia ni ngumu kuliko zinki, ijapokuwa imezaliwa na hizo mbili.

Fuwele za shaba zaweza kupokea zinki hadi kufikia yapata asilimia 35. Zinki ikizidi hapo, fuwele za aina ya pili huanza kujitokeza, zenye mpangilio mwingine wa atomu. Hizi ni ngumu zaidi na hukataa kukunjwa zikiwa baridi, lakini zikipashwa moto mkali hulainika na kufuata kalibu vizuri. Wataalamu huziita fuwele za aina ya kwanza alfa, na za pili beta. Mpaka huu wa asilimia 35 ndio ufunguo wa kuelewa matumizi yote yanayofuata.

Uwiano na kazi

Zinki ikiwa asilimia 5 hadi 20, aloi huwa na rangi inayokaribia dhahabu. Hutumika kwa mapambo, vifungo vya nguo na nishani, nayo hustahimili kutu vizuri.

Zinki ikiwa asilimia 30, na shaba 70, tunapata aloi inayokubali kuvutwa na kukandamizwa ikiwa baridi kuliko aloi nyingine zote za jamii hii. Bamba lake huweza kusukumwa na mashine hata likawa kikombe kirefu chembamba bila kupasuka. Ganda la risasi hutengenezwa hivyo, na mwili wa tarumbeta hutokana na mabamba ya jamii hiyohiyo. Ganda la risasi lina sharti jingine: baruti inapolipuka lazima litanuke na kuziba mtutu, kisha lirudi mara moja ili liweze kutolewa. Shaba nyeupe hutimiza sharti hilo kwa wepesi wake wa kunepa.

Zinki ikifika asilimia 40, fuwele za beta zimekwisha kuingia. Aloi hii hufuliwa na kusukumwa ikiwa ya moto. Mwaka 1832 George Frederick Muntz wa Birmingham, Uingereza, alipata hataza ya aloi ya shaba 60 na zinki 40, ambayo ilitumika kufunika matumbo ya merikebu za mbao ili minyoo ya bahari wasizile. Ilikuwa rahisi kuliko shaba nyekundu iliyotumika kabla yake, kwa kuwa zinki ilikuwa na bei ndogo kuliko shaba.

Kisha iko aloi ya mafundi wa kukereza: shaba asilimia 58 hivi, zinki 39, na risasi 3. Risasi haiingii katika fuwele za shaba. Hubaki kama vitone vidogo vilivyotawanyika, na kisu cha mashine kinapopita, vitone hivyo huvunja kinyuzi cha metali kikadondoka vipandevipande badala ya kujiviringisha kwenye kisu. Sehemu kubwa ya koki, vali, funguo na nozeli zinazouzwa madukani hukerezwa kutokana na aloi ya namna hii.

Ziko sifa mbili nyingine zinazofaa kutajwa. Ya kwanza ni umeme. Aloi ya 70 kwa 30 hupitisha umeme kwa kiasi cha yapata asilimia 28 tu ya shaba nyekundu. Mbona basi meno ya plagi hayafanywi kwa shaba nyekundu? Kwa sababu jino la plagi ni nene na fupi, hivyo ukinzani wake ni mdogo hata kama metali yake si bora. Linalotakiwa zaidi ni ugumu wa kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara maelfu. Sifa ya pili ni kwamba bakteria wengi hufa juu ya shaba na aloi zake. Mwaka 1983 mtafiti Phyllis Kuhn wa Marekani alieleza jinsi vitasa vya shaba nyeupe katika hospitali vilivyokuwa na bakteria wachache kuliko vya chuma kisichoshika kutu. Vitasa ving'aavyo si lazima viwe ndivyo visafi.

Njia iliyoileta

Kutengeneza shaba nyeupe kulikuwa fumbo kwa muda mrefu, na fumbo lenyewe limo katika namba tulizotaja: zinki huchemka kwa nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka. Fundi wa kale aliyetaka kuyeyusha mawe ya zinki kwa makaa aliona metali yake ikigeuka mvuke, ikakutana na hewa na kuwa moshi mweupe. Warumi walikwepa tatizo hilo kwa werevu. Walifunga ndani ya chungu vipande vya shaba, unga wa mawe ya zinki na makaa, wakavipasha moto kwa saa nyingi pasipo kufikia kiwango cha kuyeyuka kwa shaba. Mvuke wa zinki ulipotoka katika mawe haukupata njia ya kukimbilia. Uliingia katika shaba. Hivyo walitengeneza shaba nyeupe, na kupiga sarafu kwayo, bila kuiona zinki yenyewe.

Waliokuwa wa kwanza kuikamata zinki kwa wingi ni mafundi wa Zawar, katika Rajasthan ya India, ambao waliyapasha mawe moto katika vyungu vilivyoelekezwa chini ili mvuke ushuke na kupoa. Ulaya ilichelewa kwa karne kadhaa: William Champion wa Bristol alipata hataza ya kazi kama hiyo mwaka 1738, na mwaka 1781 James Emerson alipata hataza ya kuchanganya shaba na zinki moja kwa moja. Tangu hapo shaba nyeupe ikawa bidhaa rahisi, na viwanda vya Birmingham vikaieneza duniani.

Katika karne ya 19 ilifika kwetu ikiwa nyaya. Wafanyabiashara wa Marekani na Ulaya walizileta Unguja pamoja na nguo za merikani, na misafara ikazipandisha bara. Richard Burton, aliyefika Vuga kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, mwezi Februari 1857, aliandika katika kitabu chake cha 1860 kwamba bidhaa kuu za misafara zilikuwa tatu: nguo, shanga na nyaya. Nyaya nene ziliitwa masango. Zilipozungushwa mkononi zikawa vitindi. Nyuzi nyembamba zilisukwa zikawa udodi. Metali ile ile ikawa pambo, ushuru wa njia na akiba ya mali kwa wakati mmoja. Ilifaa kazi hiyo kwa sababu za kisayansi: ilikuwa na zinki ya kutosha kuipa rangi na ugumu, lakini si nyingi kiasi cha kuizuia kukunjwa ikiwa baridi.

Baadaye njia zilibadilika. Reli ilipita chini ya milima kutoka Tanga, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya mbao ya Wajerumani ilijengewa njia ya kamba za chuma iliyounganisha Shume na kituo cha Mkumbara bondeni, ili mbao za mitarakwa zishuke na mizigo ipande. Vita hivyo vilitupatia mfano mwingine. Mwaka 1916, koloni ya Wajerumani ilipokuwa imekatiwa njia ya bahari na sarafu zimeadimika, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu za muda. Heller 5 ilikuwa ya shaba nyeupe. Heller 20 zilipigwa nyingine kwa shaba nyeupe, nyingine kwa shaba nyekundu. Maganda matupu ya risasi na mizinga yalikuwa miongoni mwa malighafi zake. Aloi iliyotengenezwa ili ikandamizwe iwe ganda ilikubali kukandamizwa tena iwe fedha.

Adui zake

Shaba nyeupe haishiki kutu kama chuma, lakini ina maradhi yake.

La kwanza ni kupotewa na zinki. Maji ya namna fulani, hasa yenye asidi kidogo au yenye chumvi, huitoa zinki katika aloi na kuiacha shaba ikiwa na vitundu kama sifongo. Koki huonekana ya umbo lile lile, ila imegeuka rangi ya waridi, nayo hukatika fundi anapoikaza. Aloi yenye zinki nyingi huugua zaidi. Katika aloi za alfa, viwanda huongeza aseniki kidogo sana, chini ya sehemu moja katika elfu, na ugonjwa huo huzuilika.

La pili ni risasi, nalo si maradhi ya metali bali ya mnywaji. Maji yanayotoka katika milima ya miamba ya kale, kama ya Usambara, kwa kawaida ni laini, yaani yana chokaa kidogo. Maji laini hayajengi utando wa chokaa ndani ya koki, na yakilala usiku kucha huweza kuyeyusha risasi kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa watoto. Kinga yake ni rahisi: asubuhi, maji ya kwanza ya koki yakingwe kando kwa kumwagilia bustani, ndipo ya kunywa yafuate.

La tatu ni amonia. Katika karne ya 19, jeshi la Waingereza huko India liligundua kwamba maganda ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe wakati wa mvua za masika. Chanzo kilithibitishwa mwaka 1921: mkojo wa wanyama hutoa amonia, na amonia pamoja na unyevu hupasua shaba nyeupe ambayo bado ina mkazo ndani yake uliobaki tangu ilipokandamizwa. Dawa iliyopatikana ni kuipasha metali moto wa wastani, chini ya nyuzi 300, ili mkazo huo ulegee. Wakulima wa Shume wana mvua, wana mifugo, na wana mbolea zenye amonia. Bomba la dawa, makufuli na vipuri vya shaba visihifadhiwe katika chumba kimoja na mbolea ya chumvichumvi, wala ukutani mwa zizi.

Nozeli ya mkulima

Maradhi ya nne yanastahili nafasi yake peke yake, maana huwagusa wakulima kila msimu. Nozeli ni kipande kidogo chenye tundu ambalo dawa hupita na kutawanyika. Dawa nyingi za ukungu, zikiwemo zenye shaba, ni unga usioyeyuka. Punje zake huelea katika maji na kusugua ukingo wa tundu kama msasa. Shaba nyeupe ni laini kuliko chuma kisichoshika kutu na laini mno kuliko kauri, kwa hiyo tundu hupanuka polepole. Jicho haliwezi kuona mabadiliko hayo, lakini dawa inayotoka huongezeka.

Tufanye hesabu ya mfano. Nozeli mpya hutoa mililita 600 kwa dakika. Nozeli ya aina hiyohiyo iliyotumika misimu kadhaa hutoa mililita 720. Ongezeko ni asilimia 20. Mkulima anayetembea mwendo wake wa kawaida humaliza pakiti 6 mahali ambapo pakiti 5 zingetosha. Pakiti ya sita ni hasara yake. Tena imeingia katika udongo, katika mto na juu ya kabichi inayopelekwa sokoni. Bei ya nozeli ni ndogo kuliko hasara hiyo. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa kilimo ni kwamba nozeli ibadilishwe ongezeko likizidi asilimia 10.

Kuna desturi moja inayoharakisha uharibifu: kuzibua nozeli kwa waya, msumari au mwiba. Msumari wa chuma ni mgumu kuliko shaba nyeupe, na kila unapochokonoa hukwaruza tundu. Nozeli izibuliwe kwa maji na mswaki wa zamani. Wala isipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa dawa ni sumu.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza: sumaku. Wanafunzi walete sarafu, plagi, makufuli na koki mbovu. Shaba nyeupe haivutwi na sumaku. Waanze na sarafu ya shilingi 100 iliyoanza kutolewa katika miaka ya 1990: rangi yake ni ya shaba, lakini sumaku huivuta, kwa sababu ni chuma kilichopakwa shaba nyeupe. Aliye na senti 20 ya zamani yenye picha ya mbuni, ya mwaka 1966, ataona haivutwi. Hiyo ni aloi ya shaba na zinki yenye nikeli ndani yake. Kwa sarafu, kupaka chuma ni njia halali ya kupunguza gharama. Kwa plagi ni hatari: ngozi ya shaba ikichubuka, chuma hushika kutu, mshikamano na soketi huwa hafifu, na joto hupanda hata moto ukaweza kuzuka.

Jaribio la pili: densiti. Sumaku ina mipaka yake, kwani koki nyingi za bei ndogo husubiwa kwa aloi ya zinki na kupakwa juu, nazo hazivutwi. Hapo ndipo kanuni ya Archimedes inapofaa. Ondoeni mipira na plastiki zote, mpime koki kwa mizani, kisha mwizamishe katika silinda yenye maji na kusoma ujazo uliopanda. Koki ya gramu 336 inayopandisha maji kwa sentimeta za ujazo 40 ina densiti ya 8.4, hiyo ni shaba nyeupe. Ikiwa jibu ni karibu na 6.7, mmenunua zinki iliyovaa joho la shaba.

Jaribio la tatu: kutengeneza aloi. Hili lifanywe na mwalimu, mwenye miwani ya kukinga macho. Kipande safi cha shaba nyekundu kiwekwe juu ya chembechembe za zinki ndani ya mmumunyo wa zinki salfeti, upashwe moto karibu na kuchemka kwa dakika chache. Shaba hugeuka rangi ya fedha, maana imefunikwa na zinki. Kisafishwe kwa maji, kikaushwe, kisha kishikwe kwa koleo juu ya moto mdogo. Katika sekunde chache rangi ya fedha hugeuka ya dhahabu. Atomu za zinki zimepenya ndani ya shaba wakati zote mbili zikiwa bado ngumu, kama zilivyopenya katika vyungu vya Warumi. Moto usizidi, la sivyo zinki itazama mno na wekundu utarudi.

Tahadhari moja ihusu wanaotaka kuyeyusha shaba nyeupe kwa makaa. Zinki itachemka na kutoa moshi mweupe, ambao ukivutwa huleta homa, baridi na maumivu ya mwili. Kazi hiyo si ya darasani.

Jaribio la nne: nozeli. Pimeni maji yanayotoka kwa dakika moja katika nozeli mpya na katika nozeli zilizotumika, kwa bomba moja lililooshwa vizuri, mkilipiga kwa mwendo ule ule. Ombeni nozeli kwa wazazi na majirani, mziandikie namba, mchore grafu.

Tuhitimishe kwa neno juu ya malighafi. Shaba ya Zambia imekuwa ikishuka kwa reli ya TAZARA hadi bandari ya Dar es Salaam tangu reli hiyo ilipokabidhiwa mwaka 1976. Zinki nayo imo katika ukanda huohuo: Kabwe nchini Zambia ilichimbwa hadi 1994, na mgodi wa Kipushi huko Katanga ulianza tena kutoa zinki mwaka 2024. Shaba na zinki hutoka Afrika zikiwa ghafi, nasi hununua koki na kufuli kutoka ng'ambo. Koki mbovu tunazozitupa, au tunazowauzia wanunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo, ni shaba na zinki zilizokwisha kuchanganywa tayari, na shaba nyeupe huyeyushwa na kusubiwa upya bila kupoteza thamani yake, mradi aina moja isichanganywe na nyingine. Fundi atakayezipambanua lazima ajue uwiano.

Shule iliyo jirani na mashamba, kama zilivyo shule za Lushoto, inaweza kuanza kesho asubuhi na jaribio la nne. Linahitaji bomba, saa na chombo cha kupimia, na matokeo yake mkulima atayatumia msimu huohuo.